Miche ya vikabeji vya Brussels iko tayari, udongo ni wa matumbawe: naihamisha vipi, na vitafunga?

Ua wa Kisauni · 15 Juni, saa 2:10 asubuhi

Salaam wakulima wenzangu. Nina miche 40 ya vikabeji vya Brussels, vile vidogo vinavyoota kwapani mwa majani kwenye shina refu. Mbegu ni Long Island Improved, nilizisia tarehe 6 Mei kwenye trei ya vishimo 50. Leo miche ina majani 4 ya kweli, mingine 5, urefu kama sentimita 12. Miwili ilianguka juzi, shina limenywea pale linapotokea udongoni.

Pa kupanda ni uani, mita 3 kwa 4. Mchanga mweupe wa matumbawe, ukichimba futi moja na nusu wakutana na jiwe. Upande mrefu wa mashariki kuna ukuta wa bloku, magharibi ni wazi. Maji ya bomba huja siku mbili kwa wiki, siku nyingine ni kisima, na maji yake yana chumvi kidogo, ukiyaonja wayahisi. Majivu ya makaa ninayo tele. Mahali penyewe palikuwa na sukuma wiki mpaka mwezi uliopita.

Nauliza: nihamishe lini, nafasi gani, kina gani? Majivu niweke? Na je, ni kweli kwamba kwa joto la Mombasa hivi havifungi, utapata shina na majani tu?

---

Fundi Kitalu · 15 Juni, saa 3:45 asubuhi

Dada, miche yako iko kwenye saa yake. Wiki 5 hadi 6 tangu kusia, majani 4 au 5, hapo ndipo. Ukingoja wiki mbili zaidi mizizi itajizungusha ndani ya kishimo, na mche uliozoea duara huendelea kuzunguka hata ukipewa shamba zima. Hukaa pale pale umedumaa, na upepo ukija unalala.

Kabla ya kuhamisha, kagua. Inua kila mche utazame shina pale linapokutana na udongo. Ukiona kiuno chembamba cha rangi ya kahawia, tupa, hata kama majani yanapendeza. Huo ni ukungu ule ule ulioangusha miwili yako, kinyausi. Mche wa namna hiyo hauponi, wachelewa kufa tu. Unatokana na trei kulowa muda wote na hewa kutopita. Kuanzia leo mwagilia asubuhi peke yake, na uache uso wa udongo ukauke mpaka jioni. Huo udongo wa trei usiurudie kusia.

Tazama pia kitovu cha mche, pale katikati majani machanga yanapochomoza. Kuna miche vipofu: majani mawili matatu mazuri lakini katikati hakuna kitu. Huo hautatoa shina. Watu huupanda, wakangoja miezi miwili bure.

Iliyobaki izoeze jua siku 7. Leo na kesho ipate jua la asubuhi hadi saa 4, kisha uongeze saa moja au mbili kila siku, punguza maji kidogo lakini isinyauke hadi kulala. Siku ya saba iko juani kutwa.

Siku ya kuhamisha ni jioni, saa 11 na kuendelea, au siku ya mawingu. Trei iloweke saa moja nzima kabla, ili udongo utoke na mzizi kama kitonge. Sukuma kwa chini na kidole, usivute shina. Ikibidi kushika mche, shika jani. Jani likivunjika litaota jingine, shina likibinyika ndio basi.

Kina: zika shina mpaka karibu na majani ya kwanza ya kweli, yale mawili ya mbegu yaingie ardhini. Kitovu kisiguse udongo wala kisiingiwe na mchanga. Kisha bana. Hapa ndipo wengi huharibu, wakidhani udongo laini ndio mzuri. Hivi vikabeji vyataka ardhi iliyoshikana, maana shina litafika sentimita 60 hadi 90 na upepo wa kusi utalitikisa kila siku. Mmea unaotikisika hukatika mizizi midogo na vifungo vyake, yaani vile vikabeji, huwa legelege. Bana kwa viganja pande zote, kisha jipime: shika ncha ya jani moja, vuta. Ncha ikikatika mche ukabaki, umekaa. Mche ukitoka, rudia.

Mwagia lita moja kila mche hapo hapo, hata kama mvua imenyesha mchana. Funika na kipande cha makuti upande wa magharibi kwa siku 4 hivi. Utaona mchana majani yamelala na jioni yameamka, hiyo si neno. Yakiwa bado yamelala alfajiri, hapo kuna shida ya mzizi.

Nafasi ni sentimita 60 mche hadi mche, 75 mstari hadi mstari. Uani kwako acha sentimita 80 kutoka ukutani. Bloku zinazopigwa na jua la alasiri hutoa joto mpaka usiku, na usiku ndio wakati mmea huu unatafuta ubaridi. (Ukuta huo ungekuwa magharibi ungekupa kivuli, lakini ndio hivyo.) Zitaingia mistari 3 ya miche 6, jumla 18. Iliyobaki usiibanane humo, gawia jirani.

---

Ami Matumbawe · 15 Juni, saa 6:20 mchana

Majivu usiweke. Nalisema mwanzo kwa sababu najua umeshashika karai.

Kule bara, ardhi nyingi ni chachu, na kabeji hupata ugonjwa wa mizizi kuvimba kama tangawizi. Hivyo wao huweka chokaa au majivu kuupunguza uchachu, na hufanya vyema. Mchanga wetu wenyewe ni chokaa. Pima pH, kile kipimo cha uchachu, utapata 8 au karibu yake. Ule ugonjwa wa tangawizi kwetu si tatizo, lakini tuna la kwetu: chuma, manganizi, zinki na boroni zimo ardhini lakini mmea hauwezi kuzichukua. Ukiongeza majivu wazidi kufunga mlango. Dalili utaiona kwenye majani machanga: yanakuwa manjano ilhali mishipa yabaki kijani, kama ramani ya mito. Hapo nunua mbolea ya majani yenye chuma na manganizi, nyunyiza jioni, rudia baada ya siku 10.

Boroni yataka hadhari. Ikikosekana, shina la ndani hufanya uwazi na kahawia, na vifungo huwa vichungu. Boraksi kijiko kimoja cha chai cha kufuta, yeyusha katika lita 10 za maji, mwagia mita 4 za mraba. Mara moja tu kwa msimu. Ukizidisha, hiyo hiyo boroni ni sumu na kingo za majani zitaungua, na kuitoa ardhini ni kazi.

Ardhi yako ni kina cha sentimita 45 juu ya jiwe, haba lakini yatosha ukiinua tuta sentimita 15 hadi 20. Kila shimo liwe upana na kina cha sentimita 30. Weka makopo mawili ya lita 2 ya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu. Changanya na udongo wa shimo pamoja na mbolea ya kupandia ya DAP vizibo viwili vya soda, kama gramu 10. Changanya kweli kweli: DAP ikikaa kibonge kwenye udongo wa chokaa hutoa hewa ya amonia na kuunguza mizizi michanga. Fanya hivyo leo, miche ije baada ya wiki, mashimo yamepoa.

Samadi ya kuku acha. Ina chumvi, na wewe tayari wamwagia chumvi. Makumbi ya nazi kwa matandazo ni mazuri, ila yasiwe yale yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kamba. Yakiwa ya kawaida yaoshe kwa maji baridi mara mbili.

Sasa maji. Kwa ulimi huwezi kupima, kwani ulimi wazoea. Tafuta kipima chumvi kidogo cha mkononi. Kabeji na jamaa zake huanza kupungua mazao maji yakipita mikrosiemensi 1,200 hivi kwenye kipima hicho. Miche ndiyo dhaifu zaidi, kwa hiyo wiki mbili za kwanza tumia bomba au mvua tupu. Mmea ukikomaa hunywa kama lita 2 kwa siku, yaani kwa miche 18 ni madumu mawili ya lita 20 kasoro kidogo. Changanya dumu la bomba na dumu la kisima. Mwagia kwenye shina, usimwagie majani maji ya chumvi yakakaukia hapo juani, yataacha kovu jeupe na kingo kavu. Na siku ya bomba mwagia mara mbili ya kawaida, ili chumvi iliyojikusanya isukumwe chini. Mchanga wetu una sifa hiyo moja: hauzuii maji.

---

Kipupwe · 15 Juni, saa 1:30 usiku

Wenzangu wamejibu la kupanda, mimi nijibu lile la mwisho ambalo wamelikwepa.

Aliyekwambia havifungi amesema kweli zaidi ya nusu. Mmea huu ulikuzwa sana pande za Brussels kule Ubelgiji, ndipo ukapata jina, na wenyewe huuvuna umepigwa na baridi kali, ambayo huongeza utamu. Joto linaloupendeza ni digrii 15 hadi 18. Likipita 24 siku baada ya siku, vile vifungo hufunguka kama waridi na ladha hugeuka chungu. Mombasa, Julai na Agosti ndiyo miezi yetu ya baridi, na bado mchana ni digrii 27 au 28. Februari na Machi 32, 33.

Kwa hiyo tusidanganyane: kifungo kigumu kama cha dukani hutapata kwenye kila mmea. Kinachowezekana ni kufunga kiasi, vile vitakavyokua usiku wa Julai na Agosti joto likishuka karibu na 20. Wakati wako ni mzuri. Ukihamisha 22 Juni, na aina hiyo huchukua siku 90 hadi 100 tangu kuhamishwa, wafika 20 Septemba mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kusi inaisha, jua lageuka, na kaskazi ikiingia hakuna cha kungoja. Aina za siku 130 kwa Mombasa ni kupoteza maji.

Jambo moja la kheri: mmea huu ili utoe maua wahitaji wiki kadhaa za baridi chini ya digrii 10. Sisi hatunazo, hivyo hautakimbilia kuchanua. Utaendelea kutoa majani. Na majani yake yanalika, ni ndugu wa damu wa sukuma wiki, mmea wa aina moja kabisa na kabeji, brokoli na koliflawa. Ndiyo maana ushauri wangu ni kuhesabu majani kuwa mazao, na vifungo kuwa bahati. Gawa: mimea 12 usiichume ila majani ya chini yanayozeeka, 6 ichume kama sukuma. Usichume yote 18 kisha ukalalamika vifungo ni vidogo, kwa sababu kila jani ndilo linalokilisha kifungo kilicho kwapani mwake.

Ukitaka vigumu kwelikweli, tafuta mtu Wundanyi. Iko juu ya mita 1,300, na kwa kila mita 1,000 za kupanda joto hupungua kama digrii 6. Ndiyo sababu Milima ya Taita hutoa kabeji za kufunga na sisi tunazinunua soko la Kongowea.

Neti ya kivuli yasaidia, asilimia 30, ining'inize upande wa magharibi tu kuanzia saa 8 mchana. Ile ya asilimia 50 na zaidi itakurefushia shina kama mnazi.

---

Ua wa Kisauni · 24 Juni, saa 1:05 asubuhi

Shukran nyote. Nilihamisha 18 juzi jioni, na minne kwenye ndoo za lita 20. Leo alfajiri nimekuta mitatu imekatwa chini kama kwa makasi, majani yako hapo hapo hayakuliwa. Mwingine umetafunwa jani lote na kuna ute unaong'aa juu ya bloku. Ni mdudu mmoja?

---

Nondo na Wenzake · 24 Juni, saa 2:00 asubuhi

Ni wawili, na dawa zao ni mbali.

Ile ya kukatwa ni sota. Yuko hapo hapo, hajaenda popote. Kwa kidole chimba taratibu kuzunguka mche uliokatwa, kina cha sentimita 2 hadi 5, umbali wa shibiri moja. Utamkuta kiwavi mnene wa kijivu, ukimgusa ajikunja duara. Mponde. Ukimwacha, usiku wa leo atakwenda mche wa pili kwenye mstari, kwa sababu hukata shina, ala kidogo, ahamia. Miche iliyobaki ivishe kola: kikombe cha plastiki kilichokatwa kitako, au ule mrija wa kadibodi wa karatasi ya chooni, sentimita 3 ziingie ardhini na 5 zibaki juu. Wiki tatu zatosha, shina likishakuwa nene kama kalamu ya risasi halimtii tena.

Huo ute ni konokono, na wale wakubwa wa Pwani mmoja amaliza mche kwa usiku mmoja. Toka na tochi saa 3 usiku, hasa baada ya mvua, uwaokote ndani ya ndoo ya maji ya chumvi. Vaa glavu au mfuko wa plastiki: hubeba minyoo inayomdhuru mtu, na ndiyo sababu mboga za uani huoshwa jani jani. Mchana hujificha kwenye matundu ya bloku na chini ya makuti, hayo makuti ya kivuli yatoe mara miche ikishashika.

Ukiwa bado wasoma, jiandae kwa anayekuja, maana yule wa leo ni mgeni mdogo. Kabeji zote zina nondo wake, mdogo wa kijivu, akikunja mbawa aonyesha mstari wa almasi mgongoni. Kiwavi wake ni wa kijani, hata sentimita moja na robo hafiki. Mtambue hivi: mguse, atarudi kinyumenyume kwa kujitikisa, kisha ajidondoshe akining'inia kwenye uzi. Hula upande wa chini wa jani na kuacha ngozi ya juu, utaona vidirisha vyeupe. Kwa joto letu kizazi huzaa kizazi kwa wiki mbili hivi.

Wenye pupa hukimbilia dawa kali ya agroveti. Huyu ndiye aliyeishinda DDT kule Java mwaka 1953, na tangu hapo amezizoea nyingi. Ukimpiga dawa moja kila wiki wamfundisha. Bora dawa ya bakteria, Bacillus thuringiensis, nyunyiza jioni (jua huiua), chini ya majani ndiko muhimu, kila siku 5 hadi 7 viwavi wakiwa wadogo. Ibadilishe na mwarobaini: kokwa zilizokauka gramu 50 twanga, loweka katika lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia matone machache ya sabuni ya maji, nyunyiza jioni hiyo hiyo. Ikilala siku mbili imekwisha nguvu.

Na mashina ya sukuma wiki ya zamani yaling'olewa na mizizi? Kama kuna hata matatu yamebaki pembeni, hayo ni kitalu cha nondo na vidukari.

---

Fundi Kitalu · 24 Juni, saa 4:30 asubuhi

Kuongeza kuhusu ndoo. Lita 20 ni mmea mmoja, si miwili. Matundu 6 ya upana wa kidole kwenye kitako, na mawili ubavuni karibu na chini. Ndoo nyeusi juani huchemsha mizizi, ivishe gunia jeupe au izike nusu. Ya ndoo yataka maji asubuhi na jioni.

Badala ya mitatu iliyokatwa, chukua ile ya akiba leo jioni. Baada ya wiki moja itakuwa imepitwa.

---

Ami Matumbawe · 24 Juni, saa 5:15 asubuhi

Mbolea ya kukuzia usitumie CAN, ina chokaa ndani yake na chokaa unayo. Tumia SA, yaani salfeti ya amonia. Kizibo kimoja wiki 3 baada ya kuhamisha, viwili wiki 6. Duara la sentimita 15 kutoka shina, fukia na umwagie, ukiiacha juu ya mchanga wetu nusu yake hupaa. Baada ya hapo acha. Nitrojeni ya kuchelewa hutoa majani mapana na vifungo vilivyolegea.

---

Ua wa Kisauni · 22 Agosti, saa 12:40 jioni

Habari za siku. Mimea 17 imesimama, sentimita 50 hadi 60. Vifungo vya chini ni kama gololi, vya katikati kama mbegu za kunde. Mambo mawili. Mtu aniambia nikate kichwa, mwingine aniambia niondoe majani yote ya chini. Nifuate yupi? Na mimea miwili majani yake yana pembe za manjano kuanzia ukingoni, ncha ya pembe yaelekea ndani, na mishipa hapo imekuwa myeusi.

---

Nondo na Wenzake · 22 Agosti, saa 1:20 usiku

La pili kwanza, kwa sababu halingoji. Hiyo pembe ya manjano kama herufi V yenye mishipa myeusi ni kuoza kweusi, ugonjwa wa bakteria. Kata kikonyo cha jani lililoathirika, ukiona duara la nukta nyeusi basi umeingia ndani. Mmea huo ng'oa, tia kwenye mfuko, usiutie kwenye mboji. Hakuna dawa ya kuponya. Huenea kwa maji yanayorukaruka kutoka jani hadi jani, na kwa mikono: usiguse mimea ikiwa na umande, na kisu kioshe kwa jiki kabla ya kuhamia mwingine. Mara nyingi huja na mbegu yenyewe. Msimu ujao mbegu zitie kwenye kitambaa, zichovye maji ya digrii 50 kwa dakika 25 kamili, kisha maji baridi, zianike. Bila kipimajoto usijaribu. Digrii 45 haziui bakteria, 55 zaua mbegu.

---

Fundi Kitalu · 22 Agosti, saa 2:05 usiku

Kata kichwa, ndio. Vifungo vya chini vikiwa gololi, sentimita 1.5 hadi 2, bana ile ncha ya juu kabisa, kipande cha sentimita 3, iondoe kwa kucha au kisu. Mmea ukiacha kurefuka, chakula hushuka kwenye vifungo, na vyote hukomaa karibu pamoja, wiki 3 hadi 4 baadaye. Kwako ni lazima, huna msimu wa kungoja vya juu vijivute. Usikate hadi kwenye majani makubwa ya kilele, hayo ndiyo mwavuli.

Majani ya chini ondoa yale yaliyo chini ya vifungo vilivyokwisha kufika gololi, kwa kuyavuta kuelekea ardhini. Hewa hupita na vidukari hukosa pa kujificha.

---

Kipupwe · 22 Agosti, saa 2:40 usiku

Kwa kichwa nakubaliana. Kwa majani sikubali, ndugu. Huo ni ushauri wa nchi za baridi, kule jua halina makali na wanatafuta mwanga. Hapa ukivua shina wakati wa jua la Septemba, vifungo vitapigwa na jua la saa 9 na kufunguka kabla ya kukomaa. Ondoa ya manjano tu, na yanayogusa ardhi. Mengine yaache yafunike shina upande wa magharibi mpaka siku ya kuvuna safu hiyo.

---

Fundi Kitalu · 22 Agosti, saa 2:55 usiku

Hoja yako ya jua naikubali kwa upande wa magharibi. Upande wa mashariki vua, dada. Vidukari wakiingia ndani ya kifungo hakuna cha kuwatoa. Wale wa kijivu wenye unga juu, maji matupu huwateleza. Tia sabuni ya maji mililita 5 kwa lita moja, si ya unga ya kufulia.

---

Ua wa Kisauni · 25 Septemba, saa 1:15 asubuhi

Imefika. Vifungo vya chini vimefunguka kama waridi karibu kwenye mimea yote. Vya katikati ni vigumu kiasi, nikiviminya vyajibu. Vya juu bado vidogo. Niviache vya juu?

---

Kipupwe · 25 Septemba, saa 2:00 asubuhi

Ya chini iliyofunguka vuna leo, hairudi kufunga hata ikikaa mwezi. Ikate vipande, ipike pamoja na majani kama sukuma, tui la nazi likiwa tayari ndipo uitie, dakika 5 hadi 7. Ikichemka sana hutoa harufu ya yai na uchungu wazidi.

Ya katikati chuma ikiwa sentimita 2.5 hadi 4, ile inayojibu kidole. Izungushe kidogo na kuivunja kuelekea chini, asubuhi kabla ya jua, iingie maji baridi, kisha frijini ikiwa haijavuliwa majani ya nje.

Ya juu ipe mpaka 10 Oktoba, si zaidi. Siku hiyo kata shina zima, hata kama kuna vidogo vimebaki, ng'oa na mizizi, na uiangalie: ukiona vifundo kama shanga, una minyoo fundo, na hapo usipande bamia wala nyanya. Ukiona mizizi safi, tia kunde vuli ikianza, na kabeji ya aina yoyote isirudi hapo kwa misimu mitatu.